Fidia ya Mnyama Aliyeuawa: Sheria Inalipa Nini na Madai Yapelekwe Wapi

Mbwa anayelinda shamba la mikorosho huko Tandahimba anapokutwa amekufa kando ya chambo chenye sumu, au paka wa nyumba moja ya Mikindani anapogongwa na bodaboda iliyoacha njia na kuingia uwanjani, mwenye mnyama hubaki na maswali mawili yaliyofungamana. La kwanza ni kama aliyesababisha kifo hicho anaweza kulipishwa. La pili, ambalo wengi huona haya kulitamka mbele ya ofisa yeyote, ni kama uchungu wa kumpoteza mnyama huyo una thamani yoyote mbele ya hakimu. Majibu yapo, lakini yametawanyika katika sheria kadhaa ambazo hazikutungwa kwa ajili ya jambo hili, na mtu akianza kwa mlango usio wake anaweza kupoteza haki aliyokuwa nayo.

Msingi wa yote ni kwamba Tanzania Bara haina sheria mahususi ya fidia kwa mnyama wa nyumbani aliyeuawa. Kinachotumika ni sheria ya madhara, yaani kanuni zinazomwajibisha mtu aliyemdhuru mwenzake kwa makusudi au kwa uzembe. Sehemu kubwa ya kanuni hizo tuliirithi kutoka Uingereza, kwa kuwa Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaelekeza mahakama zetu zitumie sheria ya kawaida ya Kiingereza (common law), yaani kanuni zilizojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kadiri inavyofaa mazingira ya wananchi na pale ambapo hatuna sheria yetu wenyewe. Katika sheria hiyo mbwa, paka, mbuzi na punda wote ni mali inayohamishika. Kumuua mbwa wa mtu, kwa hiyo, huhesabiwa kama kumharibia mtu baiskeli yake: kinachotafutwa ni thamani ya kilichoharibiwa na hasara iliyofuata. Mtu aliyelala na mbwa mlangoni kwa miaka mingi anaposikia hivyo huumia, na ana sababu ya kuumia. Hata hivyo ni lazima aanzie hapo, kwa sababu hakimu naye ataanzia hapo.

Kwa kuwa mnyama ni mali, mdai anatakiwa kuthibitisha kwamba mnyama alikuwa wake, kwamba mdaiwa ndiye aliyetenda au aliyezembea, na kwamba kitendo hicho ndicho kilichomuua mnyama na kuleta hasara inayodaiwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtwika mzigo huo yule anayedai. Kiwango chake ni mizania ya uwezekano, maana yake hakimu aone kwamba maelezo ya mdai yana uzito kuliko ya mdaiwa; si lazima kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye hesabu ya fidia, na hapo inafaa kukaa kidogo. Mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fidia mahususi ni fedha zinazoweza kuhesabiwa: bei ya mnyama, gharama za matibabu kabla hajafa, nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu, malipo ya uchunguzi wa maabara. Msimamo wa Mahakama ya Rufani kuhusu fungu hili ni wa miaka mingi na haulegei: lazima liainishwe ndani ya hati ya madai na lithibitishwe kikamilifu, shilingi kwa shilingi. Fidia ya jumla haihitaji risiti. Katika shauri la Tanzania Saruji Corporation dhidi ya African Marble Company Limited, lililoripotiwa mwaka 2004, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba fidia hiyo ni ile ambayo sheria yenyewe inaichukulia kuwa tokeo la moja kwa moja, la kawaida au la kutarajiwa la kitendo kinacholalamikiwa, na kiasi chake huachwa kwenye busara ya hakimu, mradi atoe sababu.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Newala mwenye mbwa wawili wa kienyeji, waliozaliwa hapo hapo kijijini na kupewa bure na jirani. Jirani mwingine anatega nyama yenye sumu mpakani na mbwa wote wawili wanakufa mwanzoni mwa msimu wa korosho. Akienda mahakamani na kudai bei ya mbwa peke yake, atajikuta anadai kitu ambacho hata sokoni hakina bei inayojulikana, na mdaiwa atasema kwa urahisi kwamba mbwa wa namna hiyo hupatikana bila malipo. Lakini mbwa wale walikuwa wanafanya kazi. Walikuwa wanafukuza nguruwe pori mashambani na kuwazuia wezi wa korosho usiku. Ikiwa baada ya kifo chao mkulima alilazimika kumwajiri mlinzi mpaka korosho zikafika ghalani, malipo ya mlinzi huyo ni hasara halisi iliyotokana na kitendo cha jirani, na yakithibitishwa kwa maandishi au kwa ushahidi wa mlinzi mwenyewe, yanadaiwa kama fidia mahususi. Naamini hapa ndipo wadai wengi wanapopoteza haki yao: wanahesabu mbwa, hawahesabu kazi ya mbwa.

Paka wa nyumbani yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa kazi yake ya kuzuia panya ni vigumu kuipigia hesabu. Anayemdai mtu fidia ya paka atategemea zaidi gharama za matibabu, kama zilikuwepo, na fidia ya jumla. Je, fidia ya jumla inaweza kubeba uchungu? Mahakama za nchi nyingine zimegawanyika sana juu ya swali hili. Ufaransa, mwaka 1962, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliridhia mwenye farasi aitwaye Lunus, aliyekufa kwa kupigwa na umeme, alipwe pia kwa sababu ya mapenzi yake kwa mnyama huyo, mbali na bei yake. New York, mwaka 1979, katika shauri la Corso dhidi ya Crawford Dog and Cat Hospital, hakimu alisema mnyama wa nyumbani si kitu tu, bali ana nafasi yake kati ya mtu na mali, akampa mdai dola 700. Lakini Mahakama ya Juu ya Texas, mwaka 2013, katika shauri la mbwa aliyeuawa kimakosa na watumishi wa kituo cha wanyama cha mji, ilikataa katakata kulipia mapenzi, ikashikilia thamani ya soko au thamani ya manufaa ya mnyama. Jimbo la Tennessee lilitumia njia ya kutunga sheria mwaka 2000, likaruhusu malipo ya huzuni kwa mbwa na paka, lakini kwa kiwango chenye ukomo.

Hukumu hizo hazifungi mahakama zetu. Zinaweza tu kushawishi. Kwa mtazamo wangu, hakimu wa Tanzania hahitaji sheria mpya ili afanye jambo la haki. Akikubali kwamba uchungu wa mwenye mnyama ni tokeo la kawaida na la kutarajiwa la kumuua mbwa wake mbele ya watoto wake, tayari yumo ndani ya maana ya fidia ya jumla iliyotolewa na Mahakama ya Rufani. Uzito huongezeka pale kitendo kilipofanywa kwa chuki au dharau, kwa kuwa namna kitendo kilivyofanyika ni jambo ambalo mahakama hulitazama inapopima fidia. Mdai asitarajie kiasi kikubwa. Lakini asiache kuomba, na aombe kwa maelezo, badala ya kuandika tu sentensi moja ya kuomba fidia ya jumla mwishoni mwa hati.

Jambo moja ambalo ningependa watunga sheria wetu walitazame ni la Ujerumani, ambako tangu mwaka 1990 sheria ya madai inasema wanyama si vitu, na kwamba gharama za kumtibu mnyama aliyejeruhiwa haziwi za kupindukia kwa sababu tu zinazidi bei yake. Kwetu, mtu aliyetumia shilingi 200,000 kumtibu mbwa anayesemekana kuwa na thamani ya shilingi 30,000 anaweza kuulizwa kwa nini hakumwacha afe. Swali hilo halimheshimu mtu wala mnyama.

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia. Wananchi wengi wa Mtwara na Lindi wakisikia neno mahakama hufikiria Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu na yenye gharama ndogo. Hapo pana mtego. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaipa Mahakama ya Mwanzo mashauri ya madai ambayo sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, pamoja na madeni yanayotokana na mikataba ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 30. Dai la uzembe linalosimama juu ya sheria ya kawaida ya Kiingereza haliko katika orodha hiyo. Mdai anaweza kushinda katika Mahakama ya Mwanzo, akafurahi, kisha mdaiwa akakata rufaa na hukumu yote ikafutwa kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka. Dai la namna hiyo hupelekwa Mahakama ya Wilaya, ambayo kwa mali inayohamishika ina mamlaka hadi shilingi milioni 200. Huko kuna hati ya madai, utetezi wa maandishi na hatua ya usuluhishi kabla ya kusikilizwa, mambo ambayo kwa dai la shilingi laki mbili ni mzigo mzito. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote katika suala hili: dai ni dogo, mlango ni mkubwa.

Ikiwa mnyama alikufa mikononi mwa mtu aliyelipwa kumtunza, kumsafirisha au kumtibu, hali hubadilika, kwa sababu hapo kuna mkataba, hata kama ulikuwa wa mdomo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza yake. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita, wakati dai la madhara lina ukomo wa miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwa daktari wa mifugo, njia nyingine ipo sambamba na mahakama: Baraza la Veterinari, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, husimamia maadili ya taaluma na linaweza kupokea malalamiko. Baraza halilipi fidia, lakini uamuzi wake dhidi ya mtaalamu ni ushahidi wenye nguvu. Ikumbukwe pia kwamba mnyama kufa baada ya matibabu si uzembe kwa sababu hiyo peke yake. Mdai lazima aonyeshe kwamba mtaalamu alishuka chini ya kiwango cha kawaida cha taaluma yake. Na kama mwenyewe alikuwa amekwisha kumchoma mnyama dawa aliyoinunua dukani kabla ya kumleta, atatakiwa kueleza ni kipi hasa kilichomuua.

Njia ya jinai nayo isidharauliwe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalifanya kuwa kosa kumuua au kumjeruhi kwa makusudi na bila haki mnyama anayeweza kuibwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Mwenye mnyama anaripoti polisi na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Mshtakiwa akitiwa hatiani, faini huenda serikalini. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyepata hasara ya mali, pale inapoona kwamba fidia ya maana ingeweza kupatikana kwa shauri la madai. Kwa watu wengi njia hii ni nafuu kuliko kufungua shauri la madai, kwa kuwa upelelezi na uendeshaji wa mashtaka ni kazi ya serikali. Udhaifu wake ni kwamba kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, na uzembe tu hautoshi. Vilevile amri ya fidia hutolewa kwa hiari ya mahakama, kwa hiyo mwenye mnyama amkumbushe mwendesha mashtaka mapema na ampe vielelezo vya hasara kabla ya adhabu kutolewa.

Kwa ajali za barabarani, mathalani kwenye barabara kuu ya Mingoyo hadi Masasi ambako malori hupita mfululizo msimu wa korosho, wengi hutazamia bima ya gari ilipe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima ya kifo na majeraha ya watu. Hasara ya mali ya mtu wa tatu, na mnyama yumo humo, hutegemea maneno ya mkataba wa bima ya gari husika, hivyo nakala ya bima itafutwe kupitia kwa askari wa usalama barabarani mapema. Dereva naye atajitetea kwamba mnyama aliachwa azurure. Utetezi huo una uzito: mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza fidia kulingana na mchango wa mwenye mnyama mwenyewe katika ajali.

Mnyama akiuawa na watumishi wa halmashauri katika zoezi la kuwapunguza mbwa wanaozurura, madai huwa ni dhidi ya serikali na masharti hukaza. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri haishtakiwi peke yake. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa mikoa ya Mtwara na Lindi ni Kanda ya Mtwara. Kwa kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria, ukomo ni mwaka mmoja tu. Mwenye mbwa aliyefungwa kwake, mwenye kadi ya chanjo, ana hoja nzuri. Mwenye mbwa aliyekutwa jalalani bila alama yoyote hana pa kushika. Mikoa hii miwili ilikuwa ndani ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2010 na 2015, na kaya nyingi zilizoea kuona kadi za chanjo wakati huo. Kadi hiyo inathibitisha mambo mawili kwa pamoja, umiliki na utunzaji.

Mifugo inayouawa na wanyamapori, kama inavyotokea Liwale na Nachingwea, iko nje ya yote haya. Huko kinacholipwa na serikali chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 ni kifuta jasho, ambacho hutolewa kwa viwango vilivyopangwa bila kupima hasara halisi.

Liko pia suala la dini, ambalo katika miji ya pwani kama Kilwa Kivinje haliwezi kurukwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, hawahalalishi kuuza mbwa wala hawamlazimishi aliyemuua alipe bei yake, ilhali wale wa Maliki wameona mbwa wa kuwinda au wa kulinda hulipiwa. Mahakama za serikali haziamui dai la uzembe kwa kanuni hizo. Lakini suluhu nyingi hufanyika mbele ya wazee na masheikh kabla ya kufika mahakamani, na mwenye mbwa anayelijua hili atazungumza kuhusu gharama za matibabu na malipo ya mlinzi, ambazo hakuna anayezikataa, badala ya kung'ang'ania bei ya mbwa.

Lolote litakalochaguliwa, saa za kwanza ndizo zinazoamua. Joto la pwani huharibu mzoga haraka, na mzoga ukishaoza ushahidi wa sumu huenda nao. Mzoga uwekwe kwenye barafu, usishikwe kwa mikono mitupu, hasa kama kuna dalili za kichaa cha mbwa, na mabaki ya chambo yafungwe kando bila kuchanganywa. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji aitwe aone, polisi wapewe taarifa, kisha afisa mifugo wa kata afanye uchunguzi na aandike ripoti yenye jina lake, tarehe na sahihi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara mjini, na afisa mifugo ndiye anayejua sampuli gani ipelekwe huko na ipi ipitie polisi kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Picha za simu na ujumbe wa vitisho uliotumwa kabla ya tukio visifutwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaviruhusu kupokelewa kama ushahidi, mradi ionyeshwe jinsi vilivyotunzwa na kwamba havikuchezewa.

Kabla ya kufungua shauri lolote, mdai amwandikie mdaiwa barua ya madai inayotaja tukio, kiasi kwa mchanganuo, na siku za kujibu. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo mwananchi anaweza kufuata kila hatua ya shauri lake. Barua nyingi za namna hii huishia kwenye makubaliano. Makubaliano hayo yaandikwe, yataje kiasi na tarehe za kulipa, yasainiwe na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Na kama shauri lilikuwa limekwisha kufunguliwa, yasajiliwe mahakamani yawe amri, ili mdaiwa akikiuka, mdai aombe utekelezaji badala ya kuanza kesi upya.